Kahawa ya Ghorofa ya Kumi na Moja

Mnakumbuka nilipowaacha: chini ya lile jengo la vioo, Amman, mimi nimebeba sinia la mamumunye, mjukuu wangu Raghad amebeba kompyuta yake, na mbele yetu, mlangoni kabisa, shemeji yangu Dahham amesimama na wanaume tisa wenye majoho.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitamweleza upesi. Mimi ni mjane wa Salt, mji ulio jirani na Amman. Nimemlea Raghad tangu baba yake, mwanangu Ghassan, alipokufa ajalini. Jikoni kwangu tuko wanawake sita. Tunachokoa mamumunye na biringanya, tunajaza wali na nyama, tunakunja majani ya mzabibu, tunapanga kila kitu kwenye sufuria, na mama wa Amman anayetoka kazini amechoka anapokea mlangoni na kubandika motoni tu. Kuagiza kwa simu ni wazo la Raghad. Friji yetu iliungua, hilo nimekwisha kulisimulia. Majirani walitushtaki kwa harufu ya vitunguu, hilo pia. Sasa tulitaka jiko kubwa lenye chumba cha baridi, na gari, na mtu wa kututilia mtaji.

Raghad naye alikuwa amepata kazi Doha. Aliniambia, "Bibi, hawa wawekezaji wakikubali, nabaki. Wakikataa, naondoka." Basi mkisoma habari za mtaji na jiko, jueni mimi nilikuwa na shida moja tu: mtoto huyu abaki.

Nikamwendea Dahham pale mlangoni.

"Shemeji, umefuata nini hapa?"

"Nimewafuata ninyi. Mnakwenda kuomba kwenye milango ya watu bila wanaume, kama hamna ukoo?"

"Babu," akasema Raghad, "hii si posa!"

"Kila ombi ni posa, binti yangu. Jaha, msafara wa wazee wa ukoo, inakwenda kuomba mke, inakwenda kuomba msamaha wa damu. Itashindwa kuomba jiko?"

Wale tisa wakacheka. Masikio ya Raghad yakawa mekundu kama pilipili.

Mlinzi wa mlangoni, Mungu amlipe, alininyanyulia kiti chake mwenyewe. "Kaa, mama, miguu inakutetemeka." Haikuwa kwa kusimama. Ilikuwa hasira, ila kiti nilikipokea. Kisha akamgeukia Dahham. "Ami, juu wanaingia wenye miadi tu."

"Basi niandikie miadi."

"Majoho kumi siwezi. Moja naweza kusema ni mzazi."

Hivyo ndivyo Dahham alivyopanda nasi. Ndani ya lifti alijitazama kwenye kioo, akaiweka sawa kamba yake nyeusi ya kichwani kama bwana harusi.

"Ukifungua mdomo humo ndani," nikamwambia, "nakuchokoa kama mumunye."

"Mke wa kaka yangu, mimi sitasema neno. Jaha haina maneno mengi."

Laiti angesema maneno elfu!

Walikuwa wawili mezani. Mkubwa wao, Bwana Qusai, kijana wa watu wakubwa. Ukoo wao tunaujua sote, na baba yake, Mzee Awwad, ukumbi wake wa wageni haujawahi kufungwa mlango. Wa pili alikuwa Bi Rula, mwenye miwani na vidole vilivyochafuka wino.

Raghad akaanza. Maneno yale alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya tanuri langu mpaka nami niliyajua. Alionyesha picha ukutani, alieleza wanawake wanaoagiza ni akina nani, kwa nini wanarudi, gari litapita wapi. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilitamani Ghassan angeisikia.

Qusai hakumtazama hata mara moja. Alimtazama Dahham.

"Ami, ninyi wenyewe huko mnasemaje?"

Dahham akanyanyua mkono. "Binti anasema."

"Naam, naam. Lakini kesho mtu akiiga? Kuchokoa mumunye si kurusha roketi." Akacheka peke yake.

"Aige," akajibu Raghad. "Atawatoa wapi wanawake wa kumwamini? Wa kwangu nimekaa nao jikoni miaka miwili."

Bi Rula alinyoosha mkono, akachukua mumunye moja kwenye sinia letu na kichuma chembamba cha kuchokolea, akajaribu. Mumunye likapasuka ubavuni.

"Mama, hili nimeliua!"

"La kwanza kila mtu huliua, mwanangu. Chukua jingine, usilibane."

Alichukua jingine. Na alipokuwa akichokoa alimuuliza Raghad maswali, maswali ya mtu anayesikiliza: wakati wa Ramadhani mtafanyaje, gari likiharibika njiani itakuwaje, hao wanawake sita watakuwa na sehemu yao au watakuwa vibarua? Raghad aliposikia lile la mwisho alitabasamu. "Watakuwa na sehemu yao," akasema. "Kila mmoja."

Ndipo Qusai akaiweka simu yake mezani.

"Mimi naliona hivi. Bibi tunampiga picha, tunamweka kwenye boksi. Sura ya bibi inauza. Kuchokoa tutaweka mashine. Na binti..." akafikiri kidogo, "binti anaweza kupokea simu."

Kupokea simu!

Damu ilinipanda mpaka nikaona sinia mbilimbili. Mtoto aliyeutoa mradi mzima kichwani mwake, apokee simu! Raghad alifungua kinywa, sauti ikakauka. Mzee mmoja aliyekuwa akiingia na birika la kahawa aliliona hilo. Akamwekea Raghad glasi ya maji kwanza, kabla ya bosi wake. Sikumjua jina, lakini dua yangu anayo.

Kisha akapitisha kahawa. Ilikuwa kahawa chungu yenye hiliki, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, kama ya kwetu. Qusai akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha imemtosha. Nami nilikuwa nimekwisha kuinua changu, nikamwona Dahham.

Alikuwa amekiweka kikombe chake mezani. Katikati kabisa, mbele ya Qusai. Akakunja mikono juu ya joho.

Nikakirudisha changu chini, moyo umenishuka nacho.

"Kahawa yako inapoa, ami," akasema Qusai.

"Ipoe. Tuna haja kwenu. Hatunywi mpaka tujibiwe."

"Babu, nakuomba!" Raghad alinong'ona.

Dahham hakutikisika. Kwa mlango wa kioo tuliwaona watu wengine wenye miadi yao wakisubiri na kutuchungulia. Qusai akatazama saa. Akatazama mlango. Kisha akasimama, akaweka mkono kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya roketi na maboksi. Ilikuwa sauti ya baba zake.

"Kunyweni kahawa yenu. Mlichokijia mmekipata."

Sote tunajua maneno hayo yana uzito gani. Kwa maneno hayo watu wameozesha mabinti zao. Kwa maneno hayo watu wamesamehe damu ya watoto wao. Hakuna karatasi iliyo juu yake.

"Qusai?" akasema Bi Rula, mdomo wazi.

Nikaliona jicho moja la Qusai likimfinyia Bi Rula. Nililiona waziwazi, mimi mwenyewe, nikajiambia ni furaha.

Dahham akanywa kwa funda moja. Machozi yakamtiririka kwenye ndevu. "Mungu aiangaze nyumba yenu," akasema, akambusu Qusai begani. Nami nikanywa. Na Raghad, mwanangu, akanywa huku akilia na kucheka.

Tulirudi Salt kwa honi. Magari manne, wale tisa wakiimba dirishani. Mtaani, Tamam, mjane mwenye ulimi mkali kuliko wote jikoni kwetu, alikuwa juu ya paa anapiga vigelegele.

"Gari la jiko likija, wa kwanza kupanda ni mimi! Nalipitisha mlangoni kwa mke mwenzangu, napiga honi mpaka azimie!"

"Hujui kuendesha, Tamam."

"Honi naijua!"

Kunafa, ule mkate mtamu wa jibini, iligawiwa mpaka kwa wale majirani wa vitunguu. Na saa ile wenzake wanakula, Raghad aliingia chumbani, akapiga simu Doha. Nilimsikia. "Nashukuru sana," akasema, "lakini nimepata kazi kwetu."

Alisema kwetu. Niliinamia vitunguu nilivyokuwa nakata, ili wasijue nalilia nini.

Furaha hiyo, wasomaji wangu, haikumaliza hata kunafa iliyobaki kwenye friji ya kuazima.

Ujumbe ulikuja kwenye simu ya Raghad tukiwa tunaosha majani ya mzabibu. Aliusoma kimya. Akausoma tena. Kisha akanipa mimi, kana kwamba macho yangu yataona kitu kingine. Ulisema wanatushukuru kwa muda wetu, na kwamba wazo letu haliendani na malengo yao kwa sasa.

"Wamekosea mtu," nikasema.

Raghad akapiga ofisini. Bwana Qusai yuko mkutanoni. Akapiga tena. Bado yuko mkutanoni. Mara ya tatu hawakupokea.

Alasiri simu yangu ikalia.

"Mama, mimi Rula. Napiga kwa simu yangu, ofisini hawajui."

"Sema, mwanangu."

"Nilitaka niwaite tena mwezi ujao. Mradi niliupenda, nilikuwa nimebakiza maswali machache tu. Qusai alikuwa ameshakataa tangu alipoliona joho. Yale maneno aliyasema ili mzee aondoke. Mlipotoka alicheka. Alisema, 'Hivyo ndivyo jaha inavyotolewa nje bila kuita mlinzi.'"

Mkono wangu ulikuwa umeshika jani. Lilikuwa limegeuka uji.

"Na wewe ulicheka?"

"Hapana, mama. Lakini sikusema kitu."

"Umesema leo. Mungu akuhifadhi."

Raghad alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua simu yake, akapiga Doha, akaongea kwa adabu kama anayeomba maji kwa jirani mpya. Walimwambia nafasi ile wanataka kumpa mwingine, lakini wakipata jibu lake kabla ya kesho asubuhi, ni yake.

"Basi kesho asubuhi, Bibi," akasema, akarudi kuosha majani.

Nilitoka na viatu vya jikoni. Sikubadili. Nyumba ya Dahham iko juu ya ngazi nyingi, na siku zote napumzika katikati. Siku ile sikupumzika.

Nilimkuta na wageni, anasimulia. Alikuwa amefika pale pa "nikakiweka kikombe". Nilimsomea ujumbe mbele yao wote.

"Haiwezekani," akasema. "Mwandishi kakosea. Alisema kunyweni."

"Alikudhihaki, Dahham! Alikutoa nje kwa kikombe cha kahawa, kisha akakucheka! Na yule dada alitaka kutuita tena. Unasikia? Alitaka kutuita tena! Tulikuwa na mlango ulio wazi nusu, wewe ukaja na joho lako ukaufunga!"



Dahham alinyanyua mkono, akaivua ile kamba nyeusi kichwani, akailaza magotini. "Sitaivaa," akasema, "mpaka neno langu lirudi mahali pake."

"Usivae! Na joho vua!"

"Nilidhani nawasaidia, mke wa kaka yangu."

Alisema polepole. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kizee, kina madoa. Huyu ndiye aliyekuwa akimbeba Raghad mabegani kumpeleka shule theluji ikianguka, mwaka ule baba yake alipokufa. Nilikumbuka. Nilikumbuka, na hasira haikupungua hata chembe. Iliongezeka, kwa sababu sasa sikuwa na pa kuitupa.

Wageni wakaanza kupanga. Wanaume watatuma ujumbe kwa Mzee Awwad. Watadai haki ya kahawa. Mzee Awwad ni mtu muungwana, ataomba radhi, atachinja, watu watakula pamoja, yataisha.

"Lini?" nikauliza.

"Ijumaa, au ile nyingine."

"Mtakula mansafu, wali wenu na nyama," nikasema, "mtapangusana samli vidoleni, mtabusiana mabega. Na mtoto yuko Doha! Haki ya kahawa mnaijua. Haki ya Raghad mnaijua?"

"Haya ni mambo ya wanaume, shemeji."

"Mambo ya wanaume ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Nikashuka ngazi.

Jikoni niliwaambia wanawake, "Vaeni nguo zenu za tarizi. Zile za harusi."

"Anaolewa nani?" akauliza Tamam.

"Tunakwenda jaha."

"Sisi?"

"Sisi."

Tamam akaiacha sufuria ilivyo. "Basi nipakeni wanja. Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa mzuri."

Raghad ndiye aliyetuendesha. Sikumuuliza anataka au hataki. Nilimwambia, "Washa gari," akawasha.

Wanaume wa ukumbi wa Mzee Awwad walipotuona tunaingia, wanawake sita na msichana mmoja, walisimama wasijue waende wapi. Mmoja akasema nyumba ya akina mama iko upande wa pili.

"Tunaijua," nikasema. "Haja yetu iko upande huu."

"Waacheni," ikasema sauti kutoka mwisho wa ukumbi. Mzee Awwad macho yake yamepungua nuru, anaona vivuli. Lakini masikio ni mazima. Alisikia jinsi nilivyokaa, akasema, "Mpeni mama mto wa mgongoni, ameguna." Wakaniletea. Nami niliyekuja kupigana nikashukuru, kwa sababu mgongo kweli ulikuwa unaniuma.

Kahawa ikapitishwa. Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikakiweka kwenye zulia mbele yangu.

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Mwanamke? Kikombe?

"Kikombe cha nani kimelala?" akauliza Mzee Awwad, ambaye hakuona, lakini alisikia ukumbi umebadilika.

"Changu. Mama Ghassan, wa Salt."

"Una haja gani, Mama Ghassan?"

"Kahawa ya nyumba hii tulikwisha kuinywa, huko Amman, ghorofa ya kumi na moja. Mwanao alituambia tunywe, tulichokijia tumekipata. Tukanywa. Mjukuu wangu akaiacha riziki yake kwa neno hilo. Kisha tukaambiwa hatuna kitu. Nimekuja kuuliza: ile ilikuwa kahawa, au maji ya kuoshea vikombe?"

Mzee Awwad akasema, "Mwiteni Qusai."

Tulisubiri. Hakuna aliyetufukuza, na kila mara mtu alileta maji. Dahham akafika, habari zimemfikia, kichwa wazi bila kamba. Alikaa karibu na mlango, kwenye viatu. Hakunitazama.

Qusai aliingia na suti yake. Alipoziona nguo za tarizi alisimama. Alipokiona kikombe, alijua.

"Ulimwambia mzee huyu anywe?" akauliza baba yake.

"Baba, pale ni ofisini. Pale hakuna jaha, pale kuna biashara. Mzee alikataa kuondoka, watu walikuwa wanasubiri nje..."

"Ulimwambia anywe?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Lakini baba, kule juu kila mtu anajua ni maneno ya adabu tu!"

"Kwani kahawa ya huko juu inachemshwa na shetani?"

Tamam akakohoa kuzuia kicheko. Qusai akainamisha kichwa.

Mzee Awwad akapapasa mkongojo wake. Aibu ya mwanao, mtu akiwa na umri ule, inauma kama jino.

"Mama Ghassan," akasema mwisho, "jiko mtalipata. Lenye chumba cha baridi, na gari. Si mali ya kampuni yake, ni mali yangu mimi. Na wewe, Qusai, utaiacha ghorofa yako. Utakwenda Salt. Utakuwa mkuu wa jiko hilo wewe mwenyewe mpaka lisimame, ili likianguka, likuangukie wewe."

Ukumbi mzima ukavuma kwa kuridhika. "Huo ndio uungwana!" Dahham alisimama pale kwenye viatu, akaivaa kamba yake kichwani.

Mimi nilikuwa bado nasikia neno moja tu. Mkuu.

"Sawa, baba," akasema Qusai. Alinyanyua uso, na likafinya tena, lile jicho. Safari hii lilimwelekea Raghad. "Na binti nitampa nafasi yake. Ile ya simu."

"Kunywa, Mama Ghassan," akasema Mzee Awwad. "Mlichokijia mmekipata."

"Kunywa, shemeji!" akalia Dahham. "Kunywa, Mungu ametufungulia!"

Hata Tamam alinigusa kwa kiwiko. "Kunywa basi, tusije tukapoteza na gari."

Nikakiinua kikombe. Kilikuwa kimepoa.

Nikinywa, Raghad anabaki. Ndilo nililoliomba. Atabaki kwetu, nitamwona kila asubuhi, akipokea simu kwenye jiko lake mwenyewe, chini ya mtu aliyemcheka. Nisiponywa, namvunjia heshima mzee asiyeona vizuri aliyeniwekea mto mgongoni, ndani ya nyumba yake, mbele ya watu wake. Na kesho asubuhi Doha watapata jibu lao.

Hasira iliyonipanda hapo haikuwa ya Qusai peke yake. Toka ghorofani mpaka zuliani, wazee wameomba, vijana wamekataa, wazee wametoa. Wote walisema kwa ajili ya mtoto huyu. Dahham hakumuuliza. Qusai hakumuuliza. Na mimi, bibi yake, niliyemwambia washa gari, sikumuuliza.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Nikakishusha.

"Raghad," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni kwenye viatu. "Jiko ni lako. Ninywe, au nisinywe?"

Dahham akajishika kichwa. Wanaume wakageuka wote kwa pamoja, na Mzee Awwad akauinua uso wake, taratibu, akimtafuta kwa masikio huyo anayeulizwa.

Raghad alinyanyuka nyuma ya wanawake. Alipita katikati ya ukumbi, akapiga magoti mbele yangu, akakipokea kikombe kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili, asimwage hata tone.

Kisha akasimama nacho, akamgeukia Qusai.